Wote Wako Salama

Bi Tumu alisoma msahafu tangu utotoni, lakini herufi za Kizungu hakuzijua. Kwa hiyo kila siku baada ya swala ya alasiri alikaa kwenye mkeka wa barazani, akakunja miguu, akamwita mkaza mwanawe.

"Hanan."

"Abee, mama."

"Hebu nisomee mwanangu yu wapi."

Hanan hutoka na simu, akafungua ukurasa wa wakala aliyempeleka mumewe baharini, akasoma. Juu huwa na tarehe ya siku hiyo. Chini yake jina la meli, halafu maneno: Meli inaendelea na kazi. Hali ya bahari ni nzuri. Wafanyakazi wote wako salama. Bi Tumu husema alhamdulillahi, na nyumba ile ya Magogoni ikaendelea na mambo yake. Ndani, Mzee Badi, ambaye kazi yake ni kutengeneza vyerehani vya watu, alikuwa na desturi ya kusimamisha gurudumu kwa mkono hadi maneno "wako salama" yasomwe, kisha akaliachia.

Luqman alikuwa kwenye meli ya uvuvi, zile kubwa za kigeni zinazokaa mbali mwaka mzima bila kugusa bandari. Samaki huhamishiwa meli nyingine hukohuko, na mafuta huletwa hukohuko. Kabla ya kuondoka aliwaambia simu haitashika, na mshahara utalipwa wote mkataba ukiisha. "Mkitaka habari zangu, angalieni tovuti ya wakala," alisema. "Meli inatuma taarifa, wao wanaziweka pale." Basi waliangalia. Alikuwa mwana wao wa pekee, na Hanan alikuwa ameolewa naye mwaka mmoja tu kabla hajaondoka.

Wiki moja baada ya Idi ya kuchinja, simu ya Hanan ilitumbukia kwenye ndoo ya maji alipokuwa akiosha vifaa vyake vya hina. Fundi wa Kisauni aliikausha, akaitia betri mpya. Ilipowaka ilikuwa imepoteza saa. Hanan hakuliona hilo mara moja. Aliona tu kwamba kurasa nyingi zinakataa kufunguka, zinamwambia tarehe ya simu yake si sahihi. Ujumbe wa marafiki nao haukuingia. Ukurasa wa meli peke yake ndio uliofunguka bila shida yoyote, kama kawaida yake.

"Nisomee," akasema Bi Tumu.

Hanan akatazama juu ya ukurasa. Palikuwa pameandikwa: Leo ni Alhamisi, tarehe mosi Januari, mwaka 2015. Mwaka huo yeye alikuwa shuleni bado, na Luqman hajamwona hata kwa mbali. Chini ya tarehe: Meli inaendelea na kazi. Hali ya bahari ni nzuri. Wafanyakazi wote wako salama.

"Mbona umesita?"

"Simu ni nzito leo, mama."

Akasoma kama kila siku, akitaja tarehe ya kweli kutoka kichwani. Bi Tumu akashukuru. Ndani, gurudumu la cherehani likaanza kuzunguka tena.

Hanan akaingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaenda kwenye saa ya simu, akaisogeza mbele hadi mwaka ambao bado haujafika, mbali kabisa, akafungua ukurasa. Ukamwandikia mwaka ule. Wafanyakazi wote wako salama. Akairudisha nyuma, ikawa vilevile. Akaiweka simu kifudifudi juu ya mto. Hakulia. Alihisi tu baridi kidogo vidoleni, akaivuta shuka akaifunika mikono.

* * *

Hanan alimwambia mkwewe kesho yake asubuhi, Bi Tumu alipokwenda kumjulia hali jirani. Mzee Badi alisikiliza huku ameshika bisibisi. Hakuelewa habari ya saa na tarehe, lakini alielewa uso wa Hanan.

"Ukurasa huo una fundi wake?" akauliza.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo Hanan hakuwahi kuzisoma, palikuwa na jina na namba ya simu. Hanan akapiga. Aliyepokea alijitambulisha kuwa Lenox, anaishi Kiembeni, na alidhani amepata mteja. Aliwaelekeza vizuri mpaka mlangoni.

Alikuwa kijana wa Kitaita, mpole, anayefanya kazi sebuleni kwake kwenye meza ya kulia. Aliondoa sahani ya chai ya asubuhi, akawavutia viti. "Shikamoo, mzee," akamwambia Badi, "karibuni sana. Mna biashara gani?"

"Marahaba, mwanangu. Hatuna biashara," akasema Mzee Badi. "Mkaza mwanangu atakwambia."

Hanan akaweka simu mezani. Alikuwa ameirudisha makusudi kwenye ile tarehe ya zamani. Lenox akaangalia, akatabasamu kidogo kama mtu anayeona kosa dogo la mteja.

"Hiyo ni simu yako, dada. Saa yake imeharibika. Tarehe hii haitoki kwetu, inaandikwa na simu yenyewe."

"Na maneno ya chini yanatoka wapi?"

"Hayo yanatoka kwenye seva. Ni kompyuta iliyo mbali, tumekodi nafasi humo. Ukifungua tovuti, simu yako inaiomba ukurasa, nayo inakutumia."

"Inakutumia habari ya leo?"

Lenox akawatazama tena. Alikuwa bado hajajua wao ni nani. "Inategemea," akasema. "Kuna kurasa za namna mbili. Ya kwanza, seva inautunga ukurasa palepale unapouomba. Inakwenda kwenye hifadhi ya taarifa, inauliza, taarifa ya mwisho ya meli hii ni ipi? Inajibiwa, inaandika, inakuletea. Ukiuomba kesho, utapata wa kesho. Namna ya pili, ukurasa ulishaandikwa zamani, ni faili limekaa. Seva haiulizi popote. Inatoa nakala ya kile kilichopo, na kila mtu anapewa hichohicho mpaka mtu aje abadilishe kwa mkono."

Hanan alifikiria stika za hina zinazouzwa madukani, zile ambazo ua lake ni lilelile kwa kila mkono, hata mkono ambao halikuuona. Yeye hakuzipenda. Yeye alichora kwa kuutazama mkono.

"Na huu ni wa namna gani?"

"Mwanzo ulikuwa wa ile ya kwanza. Nilivyoujenga, ulikuwa wa kwanza." Akavuta kompyuta yake karibu, labda apate cha kutazama. "Halafu mwenye wakala akaniambia gharama zimemzidi, anataka nafasi ya bei nafuu, isiyo na hifadhi ya taarifa. Nikauchukua ukurasa kama ulivyokuwa siku ile, nikauweka kama faili. Nikamwambia, bosi, huu sasa hautabadilika, ukitaka mpya unipigie niandike. Akasema sawa."

"Alikupigia?"

"Mara moja tu. Alisema unaonekana umekufa, watu wanalalamika tarehe ni ileile. Nikamwekea mstari mmoja wa kuifanya simu ya msomaji iandike tarehe yake."

Mzee Badi aliinua kichwa. "Yaani sisi tulikuwa tunasoma tarehe ya simu yetu wenyewe."

"Ndiyo, mzee."

"Na maneno ni ya lini?"

Lenox akabonyeza, akatafuta, akageuza kioo cha kompyuta wakione. Faili lilikuwa la Desemba. Halikuwa limeguswa tangu hapo. Nje mtu alikuwa akikung'uta zulia.

"Mna mtu kwenye meli?" akauliza Lenox.

"Mume wangu," akasema Hanan.

Lenox akafunga kompyuta taratibu. Alitaka kusema kwamba yeye aliagizwa tu, kwamba mstari ule wa tarehe aliuandika kwa dakika chache wakati anasubiri chai ichemke, kwamba hakujua kuna watu wanaousoma kila siku. Yote yalikuwa kweli na hakulisema hata moja. Akawauliza kama watakunywa chai. Mzee Badi akasema ahsante, wamekunywa.

* * *

Ofisi ya wakala ilikuwa ghorofani Changamwe, juu ya duka la vipuri. Mwenyewe hakuwepo. Alikuwepo karani mmoja, mwanamke aitwaye Pascalia, aliyekuwa akila mhogo wa kukaanga. Alipowaona aliusukuma chini ya meza, akafuta vidole.

"Shida yenu ni nini?"

"Tumekuja kumuulizia Luqman bin Badi," akasema mzee. "Yuko kwenye meli yenu ya uvuvi."

"Taarifa za meli ziko kwenye tovuti, baba. Mngeangalia huko, hamkuwa na haja ya kujisumbua."

"Tumetoka huko."

"Basi mmeona wako salama."

Aliyasema hayo kwa wepesi, kwa sababu alikuwa ameyasema mara nyingi kwenye simu. Akawaonyesha benchi wasubiri. Wakaketi. Watu wawili waliokuja baada yao waliingia, wakahudumiwa, wakatoka. Mzee Badi alikaa na kofia yake magotini. Pascalia alipanga mafaili yaliyokwisha kupangwa. Mara mbili aliingia chumba cha ndani na kutoka mikono mitupu.

Ndipo Hanan akasimama akaenda mpaka mezani. Hakupandisha sauti. "Dada, aliyetengeneza ukurasa ametuambia maneno yale ni ya Desemba. Sikukasirikii. Nataka kujua tu ya baada ya Desemba."

Pascalia alimtazama mikono. Kucha zilikuwa na rangi ya hina, nyekundu iliyokolea. Halafu akatazama mlango, akaenda akaufunga.

"Mimi niliambiwa nisiseme mpaka karatasi zije," akasema. "Kampuni ya huko nje ilisema italeta karatasi, ubalozi utie muhuri, ndipo familia iitwe. Bosi akasema tusubiri. Kisha akasafiri."

"Karatasi za nini?" akauliza Mzee Badi kutoka kwenye benchi, ingawa alishajua.

"Wimbi lilimchukua, baba. Walikuwa wanavuta wavu. Nahodha alipiga simu mwenyewe, mimi ndiye niliyepokea. Wenzake wawili walikuwa kando yake, waliona. Meli ilizunguka pale mpaka giza likaingia. Hawakumpata."

"Lini?"

"Katikati ya Januari."

Mzee Badi akavaa kofia, akaivua tena. Hanan alimsikia Pascalia akisema pole, akisema yeye pia ana watoto, akisema kuna siku alitaka kupiga simu akaishika namba mkononi. Maneno yalimfikia yote, akayaelewa yote, hayakukaa popote. Alichofanya ni kuuliza kama kuna maji ya kunywa ya mzee. Yalikuwepo. Alimshikia bilauri mpaka akamaliza. Kisha wakamwomba Pascalia awape namba ya kampuni ile ya nje, akawapa, wakashuka ngazi.

* * *

Walifika nyumbani alasiri imekwisha kuswaliwa. Bi Tumu alikuwa kwenye mkeka.

"Mmechelewa," akasema. "Hanan, kaa, nisomee."

Mzee Badi akaketi kwenye mkeka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa hiyo. Bi Tumu akamwangalia, akamwangalia Hanan aliyesimama bado na buibui, akaanza kukunja pindo la leso yake, akalikunja mpaka likawa kifundo. Mzee Badi akamwambia kwa maneno machache. Hakutaja ukurasa. Bi Tumu alisema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, akairudia, kisha akauliza alichouliza kila mtu baadaye.

"Lini?"

"Rajabu," akasema mumewe.

"Rajabu ipi?"

"Rajabu iliyopita, Tumu. Kabla ya Ramadhani."

Siku ya pili kampuni ilijibu simu, na mmoja wa wale walioshuhudia, mvulana wa Pwani pia, akaunganishwa, akaeleza yaleyale huku analia. Ijumaa msikitini wakamswalia Luqman swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, safu zikajaa. Nyumbani wanawake walikuja na vikapu vya mchele na sukari. Shangazi yake Luqman alileta nguo nyeupe za Hanan, mpya, na Bi Tumu alikuwa ametoa kioo chumbani, ameondoa manukato na vikopo vya hina, ametandika godoro sakafuni. Chumba cha eda, cha mjane kukaa ndani bila kutoka wala kujipamba, kilikuwa tayari. Hanan alikitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Changamwe alihisi kitu, kama mtu aliyechoka sana aliyeonyeshwa mahali pa kulala.

Maalim Faiz alikuja baada ya isha, akaketi upande wa pili wa pazia pamoja na Mzee Badi. Bi Tumu alimwita amweleze mkaza mwanawe masharti. Maalim akatoa pole, akasoma dua, akauliza tarehe. Akaambiwa. Wakamsikia akihesabu kwa sauti ya chini: Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfunguo mosi, Mfunguo pili.

"Binti yangu," akasema, "mume alipoondoka hukuwa na mimba?"

"La, maalim."

"Basi sikiliza. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na inahesabiwa tangu siku mume alipofariki. Haihesabiwi tangu siku habari ilipofika. Yako ilikwisha mwishoni mwa Mfunguo pili. Huna eda."

Shangazi alikuwa ameshika zile nguo nyeupe.

"Hakukaa," akasema Bi Tumu. "Vipi itakuwa imekwisha na hakukaa?"

"Imepita, Bi Tumu. Wakati wake umepita nayo imepita."

"Nguo zipo. Chumba kipo. Akae hivyohivyo, hatapungukiwa na kitu."

"Huzuni ni yake, hakuna atakayemzuia kuhuzunika. Lakini siwezi kumfungia mtu eda ambayo dini imemfungulia."

Hanan alikuwa akiangalia kucha zake. Mfunguo mosi alikwenda arusi ya binamu yake Ruwaida. Alimchora bibi arusi mpaka viwikoni, na kilichobaki kwenye kopo akajichora mwenyewe. Alivaa nguo ya kijani. Walicheza, na mtu akamtania kwamba mume akirudi atamkuta mzuri kuliko alivyomwacha, naye akacheka. Alirudi nyumbani akafungua ukurasa, akasoma, akalala.

"Maalim," akasema kupitia pazia. "Na niliyoyafanya humo ndani? Nilitoka. Nilijipamba."

"Hukujua, binti yangu. Huandikiwi dhambi."

"Nimeelewa."

Alisubiri aone kama jibu hilo litamfanya kitu. Shangazi akakunja nguo nyeupe, kwanza gauni, kisha mtandio, akazirudisha kwenye mfuko wa dukani. Bi Tumu aligeukia ukutani. Baadaye, wageni walipotawanyika, Hanan alilikunja godoro mwenyewe, akalirudisha kitandani.

* * *

Lenox alipiga simu Jumatatu. Alisema ameufuta ukurasa. Hakumuomba mtu ruhusa, kwa kuwa aliyepaswa kumpa hapokei simu. Sasa anayeuomba, seva itamjibu kwamba hakuna.

"Nimeona niseme," akasema. "Kama ungependa niwaandikie watu wa familia nyingine zilizo na watu kwenye meli ile, nitafanya. Namba nimepewa na karani wa ofisini."

"Waandikie," akasema Hanan. "Usiwaambie wako salama. Waambie hujui."

"Sawa, dada. Nisamehe."

"Sawa," akajibu, akakata. Hakujua kama amemsamehe au amemaliza tu mazungumzo.

Mtaani hawakuielewa habari ya maalim, au waliielewa na hawakuipenda. Wanawake waliokuja kuhani na kutoa pole walimkuta Hanan uani akifua, wakatazamana. Mmoja aliuliza kwa upole mbona hajakaa ndani, akaelezwa, akasema haya, akakaa muda mfupi kuliko alivyokusudia. Wengine walikumbuka arusi ya Ruwaida, wakakumbuka ile nguo ya kijani. Bi Tumu alimtetea kila aliposikia, kwa maneno makali, lakini wakiwa wawili hakuzungumza naye mengi. Alikuwa hali chakula. Chai ilipoa, uji ulipoa. Alasiri aliswali, akabaki kwenye msala mpaka magharibi.

Siku moja alisema, bila kumtazama mtu, kwamba pengine samaki wa kukaanga angeweza kumuonja.

Hanan akachukua buibui akatoka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka tangu habari ije, na hapakuwa na wa kumwambia asitoke. Mama Ngowa alikuwa kwenye meza yake karibu na njia, karai linachemka, anageuza changu kwa kijiti. Alikuwa amekwenda kwao Kaloleni kwa mazishi ya ndugu yake, amerudi jana yake tu.

"Hanan, u mzima? Siku nyingi. Baharia wetu hajambo? Bado kurudi?"

"Alikufa, Mama Ngowa."

Kijiti kikasimama ndani ya mafuta. Mama Ngowa akakiweka kando, akazunguka meza, akamshika Hanan mikono yote miwili. "Pole, mwanangu. Pole sana. Hakuna aliyeniambia. Lini?"

"Januari."

Mama Ngowa alibaki ameshika mikono ile, lakini Hanan aliuona uso wake ukihesabu. Aliuona ukipita kwenye miezi yote ile, jioni zote alizosimama hapa, akichagua samaki, akipokea salamu, akijibu kwamba Luqman ni mzima, wamesoma leo, wote wako salama. Mikono ikalegea kidogo kidogo mpaka ikaachia.

"Na siku zote hizo hukutwambia," akasema Mama Ngowa. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia tu.

Hanan alifikiria kumweleza. Ilibidi aanzie kwenye seva, na faili la Desemba, na mstari mmoja wa tarehe, na watu waliofunga mlango wakasubiri karatasi. Yalikuwa mengi, na samaki walikuwa wanaungua.

"Ndiyo," akasema. "Sikuwaambia. Nipe wawili, wa mama. Wasikauke sana."